Vitufe vya usukani vimekufa, na honi nayo: usinunue vitufe kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha Hilux Vigo dabo kebini ya bosi wangu, ya mwaka 2012. Kazi yetu ni viazi, tunavitoa Isyonje kushusha Uyole. Wiki tatu zilizopita tulibadilisha raki ya stelingi kwa sababu ilikuwa inavuja mafuta ya pawa. Kama siku nne baadaye nilikuwa nageuza gari kwenye kinjia cha shambani, nikakata usukani mpaka mwisho, nikasikia kitu kimelia "tak" pale chini ya usukani. Tangu siku hiyo vitufe vya redio havifanyi kazi, honi hailii, na kwenye dashibodi imewaka taa nyekundu ya mtu mwenye puto mbele yake. Bosi anasema nimeviua mimi kwa kubonyezabonyeza, anataka anikate mshahara. Fundi mmoja ameniambia ninunue vitufe vipya. Ninunue? Na hiyo taa ina madhara gani? Ndaga fijo.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue vitufe. Na kabla hujaendelea kusoma, chukua hili la taa: gari hilo lisipande tena Isyonje mpaka lifunguliwe. Nitakueleza kwa nini. Lakini nianze na vitufe, maana ndivyo ulivyouliza na ndivyo vinavyofungua mlango wa mengine yote.

Usukani unazunguka. Waya haziwezi kuzunguka nao bila kujisokota na kukatika, kwa hiyo watengenezaji waliweka katikati kitu cha mviringo, bapa, kama kopo la kiwi lenye tundu, ambacho kimevalishwa kwenye shingo ya usukani nyuma kabisa. Ndani yake umekunjwa utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za shaba, kama ule wa futi ya fundi cherehani ukiuzungusha kidoleni. Ukikata usukani kulia utepe unajikaza, ukirudisha unajilegeza. Dukani uliza spairo kebo, au spairo tu, watakuelewa. Katika utepe huo mmoja zinapita waya za vitufe vya redio, waya ya honi, waya za mkono wa kruzi (ule wa kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta) kama gari lako linao, na waya za eabegi, yaani ule mfuko wa hewa uliokunjwa katikati ya usukani wako.

Sasa rudi kwenye barua yako. Vitufe vimekufa, honi imekufa, taa ya eabegi imewaka, vyote siku moja, saa moja, kwa mlio mmoja. Kitufe cha redio na honi ni vitu viwili visivyojuana kabisa. Kila kimoja kina mguso wake, kina fyuzi yake, kina kazi yake. Kukibonyeza kitufe cha sauti hata mara elfu moja hakuwezi kuua honi, sembuse kuwasha taa ya eabegi. Mahali pekee vinapokutana vyote vitatu ni kwenye ule utepe. Ukiona vitu visivyohusiana vimekufa pamoja, tafuta njia waliyopita pamoja. Mimi nikiletewa gari lenye malalamiko ya vitufe, swali langu la kwanza kwa dereva huwa moja tu: honi inalia? Jibu la swali hilo limeniokolea saa nyingi za kufungua redio bure.

Kwa nini ulikatika? Hapa ndipo raki inapoingia, na naomba bosi wako asome aya hii kwa utulivu.

Spairo ya Toyota ikiwa imewekwa katikati sawasawa inaweza kuzunguka takriban mara mbili na nusu kwenda kulia na mara mbili na nusu kwenda kushoto. Usukani wa gari kama lako, kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, unazunguka kama mara tatu na nusu. Hesabu wa kwako uone. Maana yake ni kwamba kutoka katikati unatumia mzunguko mmoja na robo tatu kila upande, na utepe bado una akiba ya robo tatu ya mzunguko. Akiba hiyo inatosha miaka yote, na ndiyo maana magari yanapanda na kushuka Kitonga kona kwa kona bila utepe kukatika.

Lakini unapobadilisha raki, lazima uachanishe shafti ya usukani, yaani chuma kirefu kinachoshuka kutoka kwenye usukani, na raki yenyewe, ile inayogeuza matairi. Tangu hapo usukani hauzuiwi tena na matairi. Mtu akipita akaugusa, au fundi akiwa chini ya gari akaizungusha shafti ili apate boliti, usukani unakwenda utakavyo. Ukizunguka mzunguko mmoja mzima kisha ukafungwa hapohapo, ukiutazama utauona umenyooka vizuri kabisa, nembo iko juu, gari linakwenda mstari ulionyooka. Macho hayawezi kukuambia kitu, kwa sababu mzunguko mzima unaurudisha usukani palepale ulipokuwa. Ni utepe ndani peke yake unaojua kwamba umehama. Sasa fanya hesabu: ulihama mara moja, ukakata mpaka mwisho mara moja na robo tatu, jumla mbili na robo tatu. Mwisho wa utepe ni mbili na nusu. Ile robo inayozidi ndiyo uliyoisikia ikisema "tak".

Na kwa nini ulidumu siku nne? Kwa sababu barabara ya kutoka Isyonje hadi Uyole, pamoja na kona zake zote, haikudai ukate usukani hadi mwisho. Kona ya barabarani hailazimishi hata mzunguko mmoja mzima. Kinjia cha shambani ndicho kilichokudai, ukigeuza gari mbele na nyuma kati ya matuta. Kukata usukani hadi mwisho unapogeuza gari ni matumizi ya kawaida, gari lilitengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo maoni yangu, kwa yale uliyoniandikia, ni kwamba hukuharibu chochote, na mshahara wako hauhusiki.

Dawa ya kuzuia hili haigharimu hata shilingi: kabla ya kuachanisha shafti, nyoosha matairi, chomoa ufunguo ili usukani ujifunge, kisha pitisha mkanda wa kiti katikati ya usukani na uubane, au ufunge kwa kamba. Mafundi wa mitambo wengi ni hodari sana kwa chuma na hawajui kabisa kwamba ndani ya usukani kuna utepe. Siwalaumu kwa uovu. Lakini kila unapopeleka gari kwa kazi ya raki au shafti ya usukani, sema mwenyewe kwa mdomo wako, "Fundi, naomba ufunge usukani kwanza."

Tuje kwenye taa. Hiyo nyekundu ya mtu mwenye puto maana yake kompyuta ya eabegi imegundua hitilafu. Kwa hali yako, waya zinazopeleka amri kwenye mfuko wa dereva pengine zimekatika. Waya ikikatika, hofu yangu si kwamba mfuko utafumuka wenyewe ukiwa njiani. Hofu ni kwamba siku utakapouhitaji hautafumuka. Wewe unashuka Igawilo na magunia ya viazi nyuma, ukungu wa asubuhi umelala barabarani, malori yanapanda na mengine yanashuka, na honi huna. Vitufe vya redio unaweza kuishi bila hivyo mpaka unastaafu. Honi na eabegi hapana. Ndiyo maana nimesema gari lisipande. Likilazimika kusogea mpaka gereji, funga mkanda na uende taratibu.

Kuna jambo linaloniumiza moyo katika kazi hii. Wapo watu watakaokuambia taa hiyo ni usumbufu tu, wataizima: wengine wanatoa balbu, wengine wanaunganisha kirezista mahali pa eabegi ili kompyuta idanganyike iamini mfuko upo. Usikubali. Mwenye gari atakayekuja kulinunua, na dereva atakayekuja baada yako, wataliendesha wakiamini wana kinga ambayo haipo.

Uhakika unapatikana hivi. Tafuta fundi mwenye mashine ya kupimia inayosoma upande wa eabegi, kwa kuwa zile ndogo za bei rahisi nyingi husoma injini peke yake. Ikitoa namba B1801, kwa Toyota maana yake mzunguko wa eabegi ya dereva uko wazi, yaani njia imekatika. Ukiongeza na honi na vitufe, kesi imekwisha.

Honi nayo ipimwe kwa upande wake, ili msije mkabadilisha spairo na bado ikabaki kimya. Kwenye Toyota, kitufe cha honi hakitumi umeme kwenda kwenye honi. Kinachofanya ni kuipeleka waya ya rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) kwenye bodi, na rilei ndiyo inayoiwasha honi. Kwa hiyo ukifungua makava ya plastiki chini ya usukani, ukaifuata waya ya honi kwenye plagi inayoingia nyuma ya spairo, ukaigusisha kwenye chuma cha bodi, honi ikalia, basi fyuzi nzima, rilei nzima, honi yenyewe nzima, na kilichobaki ni utepe au mguso wa juu. Isipolia, anzia kwenye fyuzi ndani ya boksi lililo chini ya boneti. Ila plagi yoyote yenye rangi ya njano msiiguse. Njano kwenye Toyota ni eabegi. Msiipime kwa mita ya umeme, msiipime kwa taa ya kupimia, msiitoboe waya zake kwa sindano. Mkondo mdogo wa mita unaweza kutosha kuifumua, na ikifumuka usoni mwa mtu aliyeinama juu yake itamuumiza vibaya.

Wasomaji wengine wataniuliza: na kama honi inalia vizuri na taa haijawaka, ila vitufe tu ndivyo vimekufa? Hapo mambo ni tofauti, na hapo ndipo mita inafaa. Vitufe vya redio vya Toyota nyingi havina waya moja moja kila kimoja. Vinatumia waya moja na ukinzani tofauti. Redio inatuma umeme mdogo, kisha inasoma ukinzani uliorudi, inajua umebonyeza nini. Chomoa plagi ya redio, pima kati ya waya iitwayo SW1 na ile ya SWG. Bila kubonyeza kitu utaona kama omu 100,000. Ukibonyeza kitafuta stesheni kwenda mbele inashuka karibu na sifuri; kwenda nyuma kama 330; kuongeza sauti kama 1,000; kupunguza sauti kama 3,100. Mita ikionyesha njia imekatika kabisa, hata ile 100,000 haipo, tatizo liko kwenye utepe au plagi. Ikionyesha namba za kubahatisha, mara 1,000 mara 1,400, miguso imechafuka, na ndiyo sababu wengine wanalalamika kwamba wakiongeza sauti stesheni inahama: redio inasoma namba isiyo sahihi na kutii amri ambayo hukuitoa. Na namba zikiwa nzuri mpaka uzungushe usukani ndipo ziruke, utepe umeanza kuchanika, usingoje uishe.

Miguso michafu hutokana na vumbi la kiangazi, soda iliyomwagika, mafuta ya mikononi, na waosha magari wanaopuliza maji ndani ya kebini. Ndani ya kitufe kuna mpira wenye nukta nyeusi ya kaboni, sawasawa na rimoti ya televisheni. Futa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke. Usikwangue kwa kisu, ile kaboni ikitoka haina mbadala, na petroli itaula mpira.

Halafu kuna redio za Android. Hizi zimejaa Mbeya na Iringa yote. Gari linaingia dukani na vitufe vizima, linatoka na redio yenye kioo kikubwa na vitufe vimekufa, mwenye gari anaambiwa havioani. Mara nyingi vinaoana. Nyuma ya redio hizo kuna waya zilizoandikwa KEY1, KEY2 na GND. Aliyefunga hakuziunganisha, au aliunganisha akaacha kuifundisha redio. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya vitufe vya usukani, bonyeza kitufe kimoja kimoja ukikitaja kazi yake, hifadhi. Ni kazi ya dakika kumi.

Turudi kwako. Utakapofika kwa fundi rewaya, yaani fundi wa umeme wa magari, simama karibu uone haya yakifanyika, kwa sababu hapa haraka inagharimu. Matairi yanyooke. Ufunguo uzimwe, waya ya hasi ya betri itolewe, kisha mngoje sekunde 90 kamili kabla ya kugusa usukani. Kompyuta ya eabegi huhifadhi umeme kidogo wa akiba ili mfuko ufumuke hata betri ikikatika wakati wa ajali, na hizo sekunde ni za kuuacha uishe. Vigo ina skrubu mbili za nyota pembeni mwa usukani, kila upande moja, bisibisi namba T30. (Baadhi ya Toyota mpya zaidi hazina skrubu, mfuko umeshikwa na klipu za springi.) Eabegi ikitoka iwekwe mezani uso ukiangalia juu, mbali na watu. Kabla ya kutoa usukani, fundi atie alama usukani na shafti ili virudi vilivyokuwa. Nati ya katikati ilegezwe lakini isitolewe yote mpaka usukani uachie, la sivyo utamrukia kifuani.

Spairo mpya huja imefungwa katikati kwa pini au utepe wa gundi. Isitolewe pini hiyo mpaka imevaa mahali pake. Mkipata iliyotumika, msiamini iko katikati hata muuzaji aape: izungusheni taratibu kinyume na saa mpaka ikaze, msilazimishe, kisha mrudi kufuata saa takriban mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Binafsi ningemshauri bosi anunue mpya. Utepe uliotumika huwezi kuuona umechoka kiasi gani, na kazi ya kufungua na kufunga utailipa mara mbili. Mkienda dukani nendeni na ile ya zamani mkononi, mlinganishe plagi moja moja na idadi ya pini, kwa kuwa Hilux yenye vitufe na isiyo na vitufe hazitumii spairo moja. Na mtu akisema ataufungua ule wa zamani auunge kwa risasi ya kuchomelea, mwambie hapana. Utepe uliounganishwa unakatika tena kwenye kiungio, na njia ya eabegi si mahali pa kujaribu.

Kama gari lenu lina mfumo wa kuzuia kuteleza, fundi aangalie pia kihisi cha pembe ya usukani. Hukaa jirani na spairo, na baada ya kazi kinaweza kuhitaji kuwekwa upya kwenye sifuri kwa mashine.

Nati ya usukani ikazwe kwa spana ya kipimo, nyutonimita 50. Betri irudishwe mwisho kabisa, kila plagi ikiwa imeingia. Washa ufunguo ukiwa umeegemea pembeni, si uso juu ya usukani. Taa ya eabegi itawaka kama sekunde sita kisha itazimika yenyewe. Jaribu honi. Jaribu vitufe. Kisha, gari likiwa limesimama, zungusha usukani polepole hadi mwisho wa kulia, bonyeza honi; hadi mwisho wa kushoto, bonyeza tena. Ikilia pande zote mbili na taa ikabaki imezimika, kazi imetimia.

Ile spairo ya zamani usiiache gereji. Ifungueni mbele ya bosi. Utepe uliovutwa kupita mwisho wake mara nyingi huwa umeng'oka pale uliposhikizwa, pembeni kabisa, wakati ule uliochoka kwa umri huchanika kwenye mkunjo. Mkikuta umeng'oka pembeni, nendeni wote wawili kwa waliobadilisha raki, mpeleke ushahidi huo kwa heshima, na mwombe wabebe gharama au angalau sehemu yake. Fundi mwenye kujali jina lake atasikiliza. Na kama mashine itatoa namba nyingine tofauti na B1801, niandikie namba yenyewe kabla hamjanunua chochote, tutaanza upya kutoka hapo.